Kovu la Shemeji

Habari hii hamtaiamini, na sitanuna. Mimi mwenyewe, niliyeishia darasa ambalo mwalimu alisema linanitosha, kuna siku naitilia shaka. Lakini nilikuwepo, na macho yangu hayajawahi kuazima miwani.

Mpwa wangu tunamwita Kidole. Utotoni hakuna kitu ambacho hakukigusa: uji wa moto, pasi, ndevu zangu. Leo ana chumba kando ya duka la viatu, kompyuta na skana, na watu humletea albamu zenye kurasa za kunata na fremu zilizotafunwa na mchwa, naye huzigeuza kuwa picha za kutazamwa kwenye simu. Na kazi yenyewe, ajabu ya Mungu, ni ya kutogusa. Picha huishika pembeni kama anayeokota kipepeo. Mimi alinipa glavu, nikazivaa, akaniambia nikae nazo mbali.

Mama yake, dada yangu, ni mshona mapazia. Sebuleni kwake kulikuwa na picha ya marehemu mumewe kwenye fremu, na nyingine ya yule bwana haipo duniani. Alifariki Kidole akiwa anatambaa. Kila asubuhi dada aliifuta ile fremu kwa kitambaa chenye maji, akimsalimia mumewe. Mapenzi hayo. Maji yakawa yanapenya pembeni kidogo kidogo, hata picha ikagandana na kioo, na ukungu ukaota kwenye kola ya shati ukipanda kuelekea kidevuni.

"Mama, ukiendelea kumwogesha hivi utabaki na fremu tupu," Kidole akamwambia. "Nipe nimnakili."

"Utanirudishia mzima?"

"Mzima."

Mimi nikashauri tumfukize kwa mvuke wa birika, kisha tumbandue.

"Mjomba, nikimbandua, karatasi itakuja na uso utabaki kwenye kioo. Utamweleza mama wewe?"

Nikakumbuka nina kiu.

Aling'oa misumari midogo, akaondoa mbao, picha na kioo akaviacha vimekumbatiana. Akavilaza juu ya skana. Shemeji akatoka hafifu kama mtu aliye nyuma ya pazia, maana skana ile huona vizuri kile tu kilichoilalia. Basi akaisimamisha kamera juu ya meza, akaizungushia kitambaa cheusi isije ikajiona kwenye kioo, akapiga. Shemeji akatoka hadi nyuzi za vifungo. Kisha Kidole akaketi kusafisha: kola, mikwaruzo, shavu, paji la uso. Kufika jioni, bwana yule aling'aa kama sahani ya wageni.

Akamwita mama yake. Dada akavuta kiti, akatazama. Kidole aliyekuwa akingoja sifa akaanza kuchezea waya wa kompyuta.

"Kijana mzuri," dada akasema hatimaye. "Ni nani?"

Kidole akauachia waya. Yeye baba yake alimjua kwenye ile fremu tu. Kama mama naye hamtambui, basi wamempoteza mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake.

"Mama, si ni baba."

"Baba yako alikuwa na kovu hapa." Dada akagusa juu ya nyusi. "Huyu hana."

Alikuwa amelifuta, akidhani ni ukungu. Heri yake, ile nakala ya kwanza iliyotoka kwenye kamera, chafu vilevile, huwa anaiweka kando haigusi. Akaifungua, akaanza upya, sasa akiuliza kila alama.

"Na hii?"

"Uchafu. Toa."

"Hii?"

"Chunusi yake. Iache."

"Hapa mdomoni?"

"Hicho ni kiburi. Hata ukifuta hakitoki."

Wakaenda hivyo mpaka dada akaweka kiganja mezani. "Hapo. Huyo ndiye aliyenisumbua."

Kidole akamtazama baba yake kwa muda, kisha akauliza kovu lilitoka wapi. Dada akasema baiskeli, akapenga kamasi, basi. Sasa baiskeli tupu ni habari ya kumpa yatima? Nikaona mtoto asidhulumiwe. Nikamweleza: baba yako anateremka mlima, breki hana, mbele lori la matofali limeziba njia, akaliruka, naam, na baiskeli yake, akatua juu ya paa la soko, na mimi nimekaa nyuma nimepakata trei ya mayai, na halikuvunjika hata mo—

"Mjomba," akasema Kidole bila kugeuka, "mama anatikisa kichwa tangu kwenye lori."