Mtunza Uwanja Aliyewafungia Wenyeji Nje

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na mtunza uwanja tayari yuko magotini karibu na goli la upande wa barabara. Ukimwona kwa mbali utadhani anasali. Ukimsogelea utagundua kwamba kweli anasali, ila mkono wa kulia unang'oa magugu.

Anafika kwenye "amina" lango linapofunguliwa kwa kishindo. Wasichana wa timu ya klabu wanaingia kwa kelele, njumu miguuni.

"Mamdogo, fumba macho, tunaingia!" anapaza sauti nahodha wao.

"Inueni miguu! Mnaburuza kama mnavuta magunia!"

"Tukiinua yote miwili tutaanguka, na tukianguka utalia."

Wenzake wanacheka. Mama huyo, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Chokaa kwa sababu ndiye anayechora mistari ya uwanja, anasimama, anajipangusa magoti na kuwapisha. Beki mmoja anateleza kuuwahi mpira na kuacha mchubuko mrefu kwenye nyasi. Mama Chokaa anashika kifua.

"Umeumia?" anamuuliza beki.

"Hapana, shikamoo."

"Marahaba. Basi toka hapo juu, nione na nyasi zimeumia kiasi gani."

Mwezi mmoja uliopita asingeanza kwa kumuuliza beki. Mwezi mmoja uliopita beki huyo asingekuwa humo ndani kabisa, kwa kuwa lango lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mama Chokaa mchana na usiku. Jumamosi hii klabu inacheza mechi yake ya mwisho ya msimu. Ikishinda, itabaki kwenye ligi. Ikitoka sare au ikifungwa, inashuka daraja. Mama Chokaa hazunguki anapoulizwa ilifikaje hapo.

"Mengine ni ya mpira," anasema. "Lakini sehemu kubwa ni mimi na lile kufuli langu."

Alianza kazi hapa akiwa mfagizi. Alikuja kumtazama mtoto wa dada yake akicheza, msichana aliyemlea tangu hajaota meno ya mbele na ambaye sasa ndiye nahodha, akaona takataka zilizozagaa pembeni, akashindwa kukaa. Wiki iliyofuata akaja na fagio. Klabu ikamlipa mshahara ambao, kwa maneno yake, ni wa nusu mwezi kwa kazi ya mwezi mzima. Hiyo nusu nyingine ameijaza miaka yote kwa kufua nguo za watu.

Uwanja wa wakati huo ulikuwa na mteremko, na karibu na goli moja palikuwa na bonde ambalo wachezaji walilibatiza jina la Bakuli. Mpira wowote uliopita jirani uliishia humo. Wageni walikuwa hawajui. Wenyeji walijua, na kila walipobanwa waliupeleka mpira Bakuli, wakawahi, wakafunga. Timu moja iliyofungwa hivyo mara mbili ilipolalamika, mwenyekiti wa klabu aliijibu kwamba bonde lile ni mwanachama halali.

Kisha yakaja mashindano ya kimataifa ya wanawake. Nchi ikapewa uenyeji, na uwanja wa klabu ukachaguliwa kuwa mahali pa mazoezi pa timu mojawapo ya taifa kutoka ng'ambo.

Malori yakaanza kumwaga udongo. Mteremko ukasawazishwa, Bakuli likafukiwa, nyasi zikapandwa. Vikajengwa vyumba vya kubadilishia nguo vyenye maji ya moto, tangi la maji, taa, na viti vya watazamaji mia sita. Wasichana waliokuwa wakibadilisha jezi nyuma ya kanga iliyoshikwa na wenzao wawili sasa wana milango na misumari ya kutundikia nguo. Yote hayo, waliambiwa, yatabaki kuwa ya klabu wageni wakishaondoka.

Mama Chokaa alipelekwa mafunzo ya kutunza nyasi, na alirudi na mashine ya kukatia. Siku ya kwanza aliiwasha ikamkimbiza mpaka ukutani. Siku ya pili akaiambia, mbele ya mashahidi, "Leo wewe ndiye utakayechoka." Ikachoka.

Wageni walipofika, mchezaji wao mmoja alipiga magoti na kuzinusa nyasi. Kocha wao akamwita Mama Chokaa, na kupitia kwa mkalimani akamwambia kwamba hajaona nyasi nzuri kama hizi kwa muda mrefu.

"Maneno hayo ndiyo yaliyoniharibu," anasema Mama Chokaa huku akicheka mpaka anashika ukuta. "Mtu anakusifia kwa lugha usiyoijua, halafu unatafsiriwa polepole. Yalinipanda kichwani kama homa."

Mashindano yakaisha, wageni wakaenda zao. Wakati wote ule timu ya klabu ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye ua wa saruji wa ghala moja la jirani. Siku iliyofuata kocha wa klabu, mwanamume mpole ambaye mchana ni kinyozi, alikuja na wasichana wake langoni wakiwa wamevaa tayari.

"Nyasi zinapumzika," Mama Chokaa akawaambia.

"Zinapumzika mpaka lini, mama?"

"Wiki ijayo."

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, na nyasi haziguswi zikiwa zimelowa. Iliyofuata jua liliwaka, na nyasi haziguswi zikiwa na kiu. Hali ya hewa ilipokuwa nzuri kabisa, Mama Chokaa alisema siku nzuri kama ile ni ya nyasi kukua, si ya kukanyagwa. Kocha akarudi zake kwenye saruji. Wasichana waliruhusiwa kuingia siku za mechi tu, na hata siku hizo walipokelewa langoni na ndoo ya maji na brashi ya kusugulia soli.

Nyumbani, mtoto wa dada yake alimsikia kila alfajiri akiomba kwa sauti.

"Mamdogo," akamwambia siku moja wakinywa chai, "umeombea nyasi. Umeombea mabomba. Leo umeliombea hata toroli. Sisi je?"

"Nyie mna miguu. Nyasi zitakimbilia wapi?"

Matokeo yakaanza kuja, na yalikuwa mabaya. Kwenye saruji mtu hathubutu kuteleza, kwa hiyo wasichana walisahau kuanguka. Mpira kwenye saruji hukimbia, kwenye nyasi husita, na pasi zao zote zikawa zinafika nusu safari. Baya zaidi, miguu yao ilikuwa bado inalikumbuka Bakuli. Mshambuliaji alikuwa akiupeleka mpira pale pale pa zamani, anakimbia, anausubiri uzunguke na kurudi. Mpira ulikuwa ukipita moja kwa moja kwenda nje, naye anabaki amesimama kama mtu aliyepanga miadi akaachwa.

Walifungwa nyumbani mechi tatu mfululizo. Mwenyekiti akaitisha kikao na kuleta hoja ambayo wajumbe wanaikumbuka vizuri.

"Napendekeza tulichimbe upya," alisema. "Si kubwa. Bonde dogo tu, la kistaarabu."

"Mtanizika mimi humo kwanza," alijibu Mama Chokaa, aliyekuwa ameingia kumwagilia maua ya dirishani na hakuwa mjumbe.

"Wewe unaongea kama nani hapa?"

"Kama nyasi."

Kocha akainua mkono. Kwa upole wake ule ule akasema kwamba timu haihitaji shimo, inahitaji ufunguo. Macho yote yakageuka kwenye shingo ya Mama Chokaa. Yeye akaondoka na ndoo yake, na mlango akaubamiza.

Kilichombadilisha hakikuwa kikao. Kilikuwa sauti ya mtu asiyemjua, katika mechi ya nne ya nyumbani. Mama Chokaa alikuwa ameketi kwenye viti vipya. Nyuma yake alikaa bwana mmoja mpita njia, aliyevutiwa na taa akaingia. Timu ya klabu ilikuwa imeshafungwa mabao mawili. Nahodha alikuwa amejikwaa mwenyewe, na kipa alidaka hewa mpira ukiwa bado njiani.

Yule bwana akainama mbele. "Samahani mama, hivi hawa wageni wametoka mbali sana?"

"Wageni wapi?"

"Hawa wenye njano. Nawaonea huruma. Inaelekea kwao hakuna nyasi."

Wenye njano walikuwa watoto wake.

"Nilitaka nimjibu," anasimulia Mama Chokaa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki. "Ningesemaje? Kwamba hapa ndipo kwao, ila mimi ndiye niliyewafungia mlango? Usiku ule usingizi ulikuja kwa kubembelezwa. Nikamwambia Mungu: nilikuomba uzilinde nyasi, sasa nakuomba unilinde mimi nazo."

Asubuhi yake, mtoto wa dada yake alipokaa kunywa chai, alikuta ufunguo uko mezani kando ya kikombe.

"Leo mkafanye mazoezi," Mama Chokaa akamwambia bila kumtazama.

Msichana akanyoosha mkono, akamgusa paji la uso. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kwenye nyasi? Na njumu?"

"Na njumu. Lakini msianguke ovyo."

"Mamdogo, mpira ni kuanguka."

"Basi mwanguke kwa adabu. Chukua huo ufunguo kabla sijapona."

Kocha hakuamini. Alifika ameshika viatu mkononi, akaingia peku, akapita pembeni mwa mstari akidhani ni mtego. Wasichana nao siku ile ya kwanza walicheza kwa kunong'ona. Siku ya pili wakasahau, na kilio cha Mama Chokaa kikaanza. Leo mbele ya kila goli pana kipara. Anavitazama vipara hivyo kama mama anavyotazama kichwa cha mtoto aliyejinyoa mwenyewe.

Jumamosi viti vyote vimejaa. Wengi ni watu ambao kabla ya mashindano hawakujua kama mtaani kwao kuna timu ya wasichana. Kwenye safu za mbele wamebanana watoto wa kike wa shule, baadhi wamevaa fulana za njano zilizochovywa rangi nyumbani.

Wapinzani wanatangulia kufunga. Mwenyekiti anafunika uso kwa kofia. Kabla ya mapumziko mshambuliaji anasawazisha kwa pasi ndefu inayofika ilikotumwa, na kofia inarudi kichwani. Lakini sare haitoshi, na dakika zinayoyoma.

Zikiwa zimebaki chache, mpira wa kona unatemwa na kipa na kuanza kutambaa kwenda nje. Nahodha yuko mbali nao. Kwenye saruji angeuacha. Hapa anajitupa, anateleza kwa ubavu, njumu zinapasua nyasi na kukunja kipande kizima mithili ya mkeka, na ncha ya kiatu inaugusa mpira. Unagonga mwamba wa pembeni na kuingia.

Kabla uwanja haujalipuka, Mama Chokaa ameshavuka mstari anakimbia, viatu miguuni.

"Mungu wangu," anasema mwenyekiti, "anakwenda kuishona nyasi saa hii hii!"

Mama Chokaa anafika kwenye kile kipande kilichopasuka. Anakiruka. Anamwangukia mtoto wa dada yake pale chini alipolala na kumkumbatia mpaka wote wawili wanajaa udongo.

Mwamuzi, binti mdogo mwenye filimbi mdomoni, anasimama juu yao. "Mama, tafadhali, toka uwanjani."

"Natoka, mwanangu. Niache kwanza nimshike huyu."

"Mamdogo, unanibana."

"Nyamaza. Umeumia?"

"Sijaumia."

"Una hakika? Nitazame."

Anatolewa na watu wawili, bila kuangalia chini hata mara moja. Mechi inaisha mabao mawili kwa moja. Klabu imebaki kwenye ligi. Yule kocha kinyozi anatangaza kunyoa bure wiki nzima, kisha anakumbuka kwamba timu yake yote inasuka.

Jumatatu asubuhi Mama Chokaa hayupo golini. Yuko nyuma ya tangi la maji na jembe, anatifua kieneo cha ukubwa wa chumba. Anataka kuotesha kitalu cha nyasi, ili kila zinapochunika kule ndani aweze kukata kipande hapa na kuziba. Msimu ujao unaanza na kikosi kipya cha wasichana wadogo, na lango, anasema, litakuwa wazi kuanzia asubuhi. Tangu mashindano yaishe, watoto sitini na wanne wamekuja kujiandikisha. Kabla ya hapo walikuwa tisa.

"Sitini na wanne," anarudia, anaegemea jembe. "Kila mmoja na miguu miwili. Nyasi zitakoma." Anafuta jasho, anatazama uwanja unaoanza kupata mwanga. "Siku hizi namwomba Mungu zichakae. Msimu ukiisha nikizikuta bado zinang'aa, nitajua kuna mtoto wa mtu nimemwacha nje."