Ushuhuda wa Mombasa

Mwanangu alinipigia simu siku ya Jumatano, nikiwa dukani kwangu Kitale napima maharagwe, akaniambia niende Bungoma Jumapili nikatoe ushuhuda kanisani kwake. Nikamuuliza ushuhuda wa nini. Akasema wa kamari. Nilidhani mtandao umeharibu neno, nikamwambia arudie, naye akarudia polepole kama anayesema na mgonjwa: nisimame mbele ya watu, nieleze jinsi mimi na marehemu baba yake tulivyokuwa tukienda Mombasa kucheza kasino, na jinsi Mungu alivyotuokoa.

Mwanangu ni mchungaji. Kanisa lake ni la mabati, nje kidogo ya mji, na najua hakuwa na nia mbaya. Vijana wa huko wameliwa na michezo ya simu, hasa ule wa kandege kanakopaa kwenye kioo, nawe unatakiwa utoe pesa zako kabla hakajapotea. Kati ya waumini wake kuna mama anayeuza sukuma na nyanya sokoni Misikhu. Kijana wake alimaliza karo yote ya chuo kwa kandege hako, kisha akatoroka nyumbani, na tangu msimu wa kupalilia hajulikani aliko.

"Huyo mama anahitaji kusikia kwamba mtu anaweza kutoka," mwanangu akaniambia. "Na wewe ulitoka."

Nikamjibu kwamba sikuwahi kuingia. Akasema tutaongea tukionana. Nilirudi kupima maharagwe, nikapima vibaya, mteja akanikumbusha kwa adabu kwamba mizani inaonyesha zaidi ya alichoitisha. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutoona namba.

Ilijulikanaje kanisani kwamba tulikuwa watu wa kasino? Mimi ndiye niliyesema. Siku ya mazishi ya mume wangu, nilipopewa nafasi ya kuzungumza, wengine walikuwa wameshasema kwamba alikuwa baba mwema na mkulima hodari, nami sikuona haja ya kurudia. Nikawaeleza habari za Mombasa. Watu walicheka hadi wengine wakasahau wamekuja kulia. Mwanangu hakucheka, na mimi, kwa majonzi niliyokuwa nayo, sikulitilia maanani.

Tulianza kwenda tukiwa hatujafika miaka arobaini. Mume wangu alilima mahindi huko Kwanza, nje ya Kitale, mimi nilinunua na kuuza nafaka, na kila Januari, magunia yakishauzwa na mbegu za msimu zikishawekwa kando, tulimpeleka mtoto kwa nyanya yake Tongaren na kupanda basi. Nyanya aliambiwa tunaenda kupumzika. Alituuliza kila mwaka watu wazima wenye miguu mizima wanapumzikia nini.

Mume wangu alikuwa mtu wa Bungoma hasa, na kwake r na l zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Alikuwa akisema, "Mama, tufike halaka tuone bahali." Nilimcheka, naye akarudia kwa makusudi ili nicheke tena. Nyumbani hakuwa na mizaha hiyo. Nyumbani alitangulia njiani, nami nikafuata nyuma na kikapu, na chakula alikula kilicholetwa. Mombasa tulitembea sambamba. Tukiingia hotelini alikuwa akinigeukia na kuniuliza, "Wewe unataka kula nini?" Kwa miaka yote ya ndoa yetu, swali hilo niliulizwa Mombasa tu, na bado nalitamani.

Kasino ilikuwa chini ya hoteli kubwa ya ufuoni ambayo hatungeweza kulala humo. Tulilala mjini, chumba kilicho juu ya duka la mikate, na saa kumi alasiri tulivaa nguo za kanisani tukaenda. Saa hizo hapakuwa na watu. Wafanyakazi walikuwa bado wanasafisha zulia, taa zinawakawaka bure, na baridi ya zile mashine za hewa ilikuwa ya kunitoa machozi. Nadhani mji mzima ni mimi pekee niliyevaa sweta. Hatukwenda usiku kwa sababu mume wangu, akishakula chakula cha jioni, hata angekuwa peponi angelala.

Mara ya kwanza, msichana wa dirisha la pesa alimwuliza anataka chips za pesa ngapi. Mume wangu aliniangalia, akamwangalia msichana, akauliza, "Na kuku iko, ama ni chips tupu?" Msichana akainama chini ya meza, akakaa huko kwa muda. Alipoinuka alitueleza kwamba chips ni vile vibao vya plastiki unavyochezea. Kila mwaka tuliporudi, kama alikuwa zamu, alituuliza kama leo tunataka na kuku.

Mume wangu alikuwa na utaratibu wake. Pesa za kuchezea zilikaa mfuko wa shati. Nauli ya kurudi na pesa za chakula zilikaa kwangu, katika fundo la leso. Alicheza lile gurudumu lenye kampira kanakorukaruka, mimi nikiwa nimeketi pembeni na soda, na mfuko wa shati ukiisha aliugeuza nje na kusema mfuko umelala, twende. Tulitoka tukiwa hatuna kitu na tumefurahi, tukaenda kula samaki.

Hayo ndiyo niliyoyaeleza kwenye mazishi. Lipo moja ambalo sikulieleza, na nilipokuwa nikielekea Bungoma ile Jumapili asubuhi, ndilo nililokuwa nikiliwaza.

Mwaka mmoja alishinda. Aliweka vibao vyote kwenye namba moja, kwa utani, kwa kuwa ilikuwa namba ya shamba letu, na kampira kakatulia hapo hapo. Walimsukumia vibao hadi vikamfika kifuani. Mkubwa wa pale alikuja kumpa mkono. Mimi nilicheka peke yangu. Mume wangu hakucheka, na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakulala.

Kesho yake alivaa kabla hata ya chai. Nilimwambia ni mapema, hakunisikia. Alicheza asubuhi nzima akiwa amesimama, na kufikia adhuhuri alikuwa amepoteza alichoshinda na pesa zote za mfuko wa shati. Kisha akaja mahali nilipoketi, akanyoosha mkono.

"Lete ya basi."

Sauti ile sikuijua. Nilishika fundo la leso. Akasema tena, "Nimesema lete." Hakuwahi kunipiga maishani mwake, lakini siku ile niliutazama ule mkono nikijiuliza utafanya nini. Sikumpa. Niliinuka nikatoka nje, nikaketi kwenye ukuta mfupi unaotazama bahari. Baadaye alikuja akaketi kando yangu, tukakaa hivyo hadi kivuli cha hoteli kikatufikia. Halafu akasema twende. Mwaka uliofuata tulirudi, na mingine baada ya huo, na hakuwahi tena kuninyooshea mkono.

Niliizika alasiri ile kabla ya kumzika yeye. Nilijua kwamba nikiitoa, mwanangu angeichukua na kuifanya ndiyo baba yake, na ile miaka mingine yote ya kucheka na kuulizwa ninataka kula nini ingefutika. Jumamosi nilikuwa nimemweleza habari za ushuhuda, bila ile alasiri, jirani yangu wa karibu na msikiti, mshonaji tuliyezoeana kwa miaka mingi. Alisema kwao kamari ni haramu na hana la kupunguza hapo, lakini mume alikuwa wangu, na la kusema juu yake ni langu. Nilikwenda Bungoma na hilo.

Mwanangu alinipokea mlangoni pa kanisa akiwa na suti yake ya kijivu. Alinipeleka kando, akaniomba niseme tulipoteza mali. Nikamwambia hatukupoteza, na karo yake ya shule haikuwahi kuchelewa, yeye mwenyewe ni shahidi. Akasema watu hawatanielewa nikisema tulifurahi. Akasema kijana mmoja akiacha kwa sababu yangu, hata baba angekubali. Hilo la baba ndilo lililonichoma. Baba yake hakuwa hapo kukubali wala kukataa, alikuwa na mimi tu wa kumsemea.

"Mama, tafadhali," akasema. "Ni maneno machache tu. Nilikuwa mtumwa, nikafunguliwa. Basi."

Sikumwahidi chochote. Nilipoingia nilionyeshwa benchi la mbele, na hapo tayari alikuwa ameketi yule mama wa Misikhu. Nilimjua kabla ya kuambiwa, kwa jinsi alivyonitazama. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa cheupe kichwani, mikono imetulia mapajani. Hakuondoa macho kwangu wakati wote wa nyimbo.

Nilipoitwa, nilishika maikrofoni nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia. Nikasema asifiwe tena, wakaitikia. Baada ya hapo yapo maneno ambayo kila mtu huyajua, na kanisa zima lilikuwa linayangoja. Nikafungua mdomo yakakataa kutoka.

"Nimeitwa niseme jinsi nilivyotoka kwa kamari," nikawaambia. "Sikutoka, kwa sababu haikunishika. Nilienda Mombasa na mume wangu, tukacheza, tukala samaki, tukarudi kulima. Ilikuwa furaha yetu. Siwezi kusimama hapa nimwite mume wangu mtumwa, na hayupo wa kujitetea."

Mtu fulani nyuma alikohoa. Mwanangu alikuja taratibu, akanishika bega, akaichukua maikrofoni mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akawaambia watu, "Mama amechoka na safari. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake." Wakapiga makofi. Mimi ninayefungua duka saa kumi na mbili asubuhi kila siku ya Mungu, eti nimechoka kwa kusafiri kutoka Kitale. Nilitoka kwa mlango wa kando bila kumtazama mtu.

Niliketi kwenye benchi lililo karibu na tangi la maji. Nilikuwa na hasira, lakini pia, niseme ukweli, nilijisikia mshindi. Nilikuwa nimemtetea mtu wangu mbele ya watu wote, na hakuna aliyeweza kunirudisha nyuma.

Yule mama wa Misikhu alitoka kwa mlango ule ule. Aliketi upande wa pili wa benchi, akachukua pembe ya kitambaa chake akajipangusa shingo.

"Si ungetudanganya tu, mama," akasema.

Nilimgeukia. Akaendelea bila kunitazama. Alikuwa ametoka Misikhu alfajiri, nyanya zake amemwachia mwenzake, akaja kusikia mtu aliyetoka. Hakujali kama ni kweli. Alitaka tu kulisikia likisemwa na mtu aliye hai, ili akirudi nyumbani apate la kujiambia usiku. Ushindi wangu wote uliniishia hapo hapo.

Basi nikamweleza ile alasiri. Sikuwa nimewahi kumweleza mtu, hata mwanangu. Nilimweleza ushindi, vibao, asubuhi bila chai, na mkono ulionyooshwa. Nilipofika kwenye mkono, aliacha kujipangusa.

"Sasa ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Hata kumtusi?"

"Hata. Nilitoka nje nikakaa. Baadaye akaja, tukakaa pamoja."

Ndani walikuwa wanaimba tena, na sauti ya mwanangu ilisikika juu ya nyingine. Mama yule alitazama viatu vyake.

"Wangu pia alininyooshea mkono hivyo," akasema. "Ati nimpe pesa ya stoki ya nyanya, atarudisha jioni. Hakutoroka, mama. Hiyo ya kutoroka ni mimi nilisema kanisa. Nilimfukuza. Nguo zake nikamtupia kwa barabara, majirani wakiona."

Nilitaka kumwambia kitu cha kumpoza, na nikagundua kwamba kwa miaka yote nimekuwa nikijihesabia sifa ya ile alasiri. Nilijiona mwanamke mtulivu aliyemrudisha mume wake kwa kukaa tu. Sikuwa nimemrudisha. Nilimwacha ndani ya kasino na mkono wake umenyooka, nikatoka bila kugeuka. Aliyeinua miguu akafuata ni yeye. Nikamwambia hivyo yule mama, kwamba mimi pia niliondoka nikamwacha, na tofauti yetu ni kwamba wangu alinifuata.

Akanigeukia.

"Na kama hangekufuata?"

"Nauli nilikuwa nayo," nikamwambia. "Ningepanda basi nirudi Kitale peke yangu."