Mwalimu wa Mpira na Maneno Niliyoyapeleka

Ilianza Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimesimama chini ya saa ya ukutani katika duka la Mhindi, pale Nachingwea, nikingoja kupimiwa mafuta ya taa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwanangu, niko likizo kutoka sekondari ya bweni, na aibu yangu ilikuwa ya kuchekesha. Mtu akinisalimia, najibu huku natazama vidole vya miguu yangu. Ila kwenye daftari nilikuwa hodari. Kila nilichosikia nilikiandika.

Baba yangu alikuwa mwalimu katika chuo kidogo cha ualimu nje ya mji. Sisi ni Wabondei, kwetu Muheza. Kusini tulihamishiwa na kazi tu. Mwaka ule Baba alikuwa amebishana sana na kamati ya michezo ili chuo kimwajiri Bwana Mapunda awe mwalimu wa mpira, au kocha, kama mnavyosema siku hizi. Bwana Mapunda alikuwa Mngoni, dereva wa trekta la kung'olea visiki aliyebaki bila kazi mradi wa karanga ulipokufa. Shule aliishia darasa la pili. Wenzake Baba walitaka mtu wa cheti kutoka Lindi.

"Ndiyo tumlipe mng'oa visiki?" waliuliza.

Baba akasema amemwona akiwachezesha wenzake kambini kwenye mradi, na mtu anayeweza kuwafanya wafanyakazi waliochoka wapeane mpira bila kugombana, huyo anatosha. Kamati ikakubali, lakini kwa sharti: huyo mtu wako akitutia aibu, mwalimu, mtaondoka wote wawili.

Na Jumamosi ile, saa kumi, timu ya Ruangwa ilikuwa inakuja kucheza na chuo.

Basi niko dukani, nasikia sauti ya Bwana Mapunda nje barazani. Anaongea na Mzee Chinguile, Mmwera wa Nandagala aliyeleta ufuta wake kuuza. Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa timu ya Ruangwa.

"Wewe mtumwa wangu, umefika?" anasema Bwana Mapunda. "Babu yangu alikosea kukuacha hai."

"Babu yako alikuwa mwizi, na wewe mwizi. Leo wale watoto wa chuo umewafanyaje?"

"Nimeshakuuzia! Njoo na kamba uwafunge uende nao."

"Kwa bei gani?"

"Jogoo huyo kwenye baiskeli yako."

Nikainua macho kidogo tu, nikaona mkono wa Bwana Mapunda ukimfungua jogoo, ukimkwapua. Mzee hakumzuia. Nikarudisha macho kwenye vidole vyangu.

Nyumbani niliandika yote, neno kwa neno. Kisha nikampelekea Baba alipokuwa anakula. Alisoma mara mbili. Ugali ukapoa.

"Walikuwa wakicheka?" aliniuliza.

"Sikuona, Baba."

Hapo ndipo penye kosa langu, mwanangu, na sitalificha. Ni kweli sikuona. Lakini nilisikia. Walicheka wote wawili, kicheko kikubwa cha tumboni, nami nikakiona ni kicheko cha watu waliokubaliana uovu. Kwa hiyo sikukiandika, na nilipoulizwa nikajificha nyuma ya neno "kuona". Maneno yao nilikuwa nimeyapenda mno yalivyokaa vizuri kwenye karatasi.

Baba aliacha ugali. Alivaa koti lake, tukaenda uwanjani mapema, mimi nyuma nimembebea kiti. Alimwita Bwana Mapunda kando, mbele ya mwenyekiti wa kamati, Mzee Mnali, mzaliwa wa Narung'ombe, mtu mkavu asiyechekacheka.

"Bwana Mapunda, umeuza mchezo huu?"

"Nimeuza nini?"

"Kwa jogoo. Kwa Mzee Chinguile. Kuna mtu ninayemwamini amesikia."

Bwana Mapunda alianza kutabasamu. Alipouona uso wa Baba, tabasamu likakatika. Akavua filimbi shingoni polepole, akamwekea Baba mkononi.

"Kama umeamini, mwalimu, mimi sina la kukwambia."

 Nikaona kabisa mizigo yetu ikipakiwa kwenye lori, Mama analia, na mtu huyu, ambaye nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma, anarudi kwao Songea bila kazi. Nilitaka kusema nilisikia kicheko. Nikakumbatia kiti, nikatazama vidole vya miguu yangu.

Ndipo lori la Ruangwa likaingia, na kabla halijasimama Mzee Chinguile, aliyekwenda kuwapokea vijana wake njiani, akaruka chini anapiga kelele: "Yuko wapi huyo Mngoni mwizi? Jogoo wangu umeshamtafuna? Utakufa wewe, na kaburini nitakaa mimi, huzikwi mpaka nilipwe!"

Mzee Mnali akamtazama Mzee Chinguile, akamtazama Bwana Mapunda, akamtazama Baba. Kisha, mtu mkavu yule, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mwalimu, hawa ni watani! Mngoni na sisi Wamwera, zamani tulipigana, siku hizi tunatukanana. Jogoo wangu Mngoni huyu anaweza kumchukua hata jikoni, na nisimguse. Kwenu Muheza hamna watani?"

"Tunao," Baba akasema, akajifuta jasho. "Sikujua kwamba na hawa ni watani."

Alimvisha Bwana Mapunda filimbi kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye majani na kiti kipo mkononi.

Tulifungwa, mwanangu, mawili kwa moja. Mwaka wa nyuma Ruangwa walitufunga saba. Mzee Mnali alisema mng'oa visiki aendelee, na wa Lindi abaki na cheti chake. Lakini fikiria: kama Mzee Chinguile angechelewa, tukafungwa yale mawili, nani angemsadiki Bwana Mapunda? Watu waliuliza kama kumwajiri dereva wa trekta ilikuwa hatari. Ilikuwa, kidogo. Hatari kubwa ilikuwa mimi.

Ndiyo maana nakwambia: ukiyapeleka maneno ya mtu, yapeleke pamoja na uso wake na kicheko chake. Usipokuwa navyo, nyamaza, au sema wazi kwamba huna. Na ukiulizwa, jibu kile ulichoulizwa, usijibu pembeni. Mungu akupe masikio yasiyo na haraka, na akukutanishe na watu watakaokucheka kabla hujamwumiza mtu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele ya kanisa, nilikwenda peke yangu mpaka kwa Bwana Mapunda. Alikuwa anashona mpira.

"Shikamoo, Bwana Mapunda. Ni mimi niliyepeleka maneno. Na kicheko nilikisikia."

"Marahaba." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Wewe kabila gani?"

"Mbondei."

"Bahati mbaya," akasema. "Ungekuwa Mmwera ningekutukana mpaka jioni. Sasa itabidi nikusamehe tu."