Mota Iliyozaliwa Upya Manika

Nilisafiri kwenda Kolwezi kwa sababu karakana yangu ilikuwa karibu kufungwa. Ninafundisha umeme katika shule ya ufundi Lubumbashi, hasa kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Kamati ya wazazi ilisema ufundi huo umepitwa na wakati. Watoto wafundishwe kompyuta tu. Ndipo Odette, niliyemfundisha zamani na ambaye sasa ana karakana yake Kolwezi, akanipigia simu: mgodi umempa mota kubwa ya kwanza aisuke upya. Nikaomba ruhusa nikajionee.

Niliondoka asubuhi kwa basi. Baada ya Likasi tulipishana na malori mengi yaliyobeba mabamba ya shaba kuelekea mpakani. Jirani yangu, mama muuza vitenge, aliyaonyesha kwa kidevu.

"Tata, shaba yetu inajua njia ya kutoka. Ya kurudia haijue."

Alishuka Fungurume. Maneno yake niliendelea nayo.

Mchana nilifika Kolwezi, nikapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, hadi mtaa wa Manika. Odette alinipokea mlangoni, ovaroli yake imejaa madoa ya vanishi.

"Prof! Mulifika muzuri?"

Ndani, mota ilikuwa imelala juu ya meza ya chuma, nene kama pipa. Ilikuwa ya pampu ya kutoa maji shimoni.

"Zamani mota kama hizi zilikuwa zinaenda inje ya inchi," Odette alisema. "Miezi na miezi. Hii tulisuka siye benyewe, paka batoto ba Kolwezi tu, hakuna mugeni."

"Na kama inakatala kuzunguka?" nilimuuliza.

"Bakubwa ba mugodi batasema balijua hatuwezi. Na zingine zote zitaenda inje."

Kesho yake asubuhi alikuja injinia wa mgodi, kijana wa Likasi. Alionekana ana wasiwasi kutuzidi. "Mi njo nilisemea hii atelier, karakana ya Mama Odette, mbele ya bakubwa," aliniambia. "Basi, tuone."

Odette akawasha. Mota ikaguna, ikazunguka. Lakini ilizunguka kinyume. Injinia akashika kichwa. Mimi mdomo ulikuwa umeshafunguka nimwelekeze, maana mwalimu haachi ualimu; nikaufunga.

Odette alizima, akangoja isimame kabisa, akabadilisha nafasi za nyaya mbili, akawasha tena. Safari hii ilikwenda inavyotakiwa, ikinguruma kwa sauti moja. Injinia aliipima, akaweka kiganja juu ya ganda lake, akangoja kuona kama itapata moto kupita kiasi. Jua lilipanda, mota haikubadilika.

"Mama Odette," alisema mwishowe, "zile zingine zenye kuungua, tutazileta hapa."

Karakana ililipuka kwa vifijo. Odette akanivuta mbele ya mafundi wake. "Huyu njo mwenye alinifundisha!" Nilijisikia kama mzazi siku ya harusi ya bintiye.

Nilirudi Lubumbashi, nikaisimulia kamati yote niliyoyaona. Mzazi mmoja akauliza, "Na kompyuta?" Nikamwambia Odette hupiga hesabu za nyaya kwa kompyuta, kisha anasuka kwa mikono. Wakakubali karakana ibaki, na kompyuta ziingie humo humo.

Nilichojifunza ni hiki: kununua mashine peke yake hakuikuzi nchi. Inakua ikiwa na watu wa kuzirudishia uhai zinapoungua. Wiki iliyopita kundi la kwanza la wanafunzi wangu lilipanda basi la Kolwezi, likafanye mazoezi kwa Odette. Yule mzazi aliyeuliza kuhusu kompyuta alikuwepo kituoni. Alikuwa amembebea mwanawe begi.