Mkasi Katika Shimizi ya Banza

Harufu ya kiberiti kikiwashwa karibu na pua, hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Upepo ukitoka upande wa kiwanda, hapa Likasi, mtaa mzima ulipiga chafya pamoja, nao mama zetu walikimbia kuondoa nguo kwenye kamba. Hata leo mjukuu wangu akiwasha kiberiti apike chai, kitu cha kwanza kinachonijia si moto. Ni mbuzi.

Mbuzi mwenyewe alikuwa wa jirani yetu kule Kikula. Watu walimpa jina Direkta, kwa sababu alikula siku nzima bila kufanya kazi. Alikula karatasi, alikula kamba, alikula ufagio wa mama, na siku moja alikula kofia ya katekista, naye katekista amefumba macho anasali. Basi siku hiyo ninayoisema Direkta akala mkono wa nguo ya kazi ya baba yangu iliyoanikwa nje. Akatafuna kidogo, akasimama. Akatoa ulimi nje, akatuangalia sisi watoto mmoja mmoja, kama anayetafuta nani kamfanyia vile. Siku mbili hakugusa hata jani. Jirani akaja na hasira.

"Baba Banza, nguo yako imeunguza mbuzi yangu ulimi!"

"Na mbuzi yako imekula nguo yangu," baba akamjibu. "Tuambie basi, nani alianza?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini mnielewe kwa nini nimeanza na mbuzi. Baba alifanya kazi penye asidi. Nguo zake za bluu zilikuwa za kitambaa kigumu, ukizishika ungesema zitadumu kuliko mwenyewe. Ukizifua mara ya tatu unaona matundu madogo, kama punje za mtama. Asidi haitoki kwa sabuni. Inakaa ndani ya uzi, inangoja. Mama alijua hilo, wanawake wote wa Kikula walijua, na bado walizitumia kwa viraka, kwa sababu kitambaa kingine kilitoka wapi?

Watu walimwita baba "Baba Banza" kwa ajili ya mtoto wake wa kwanza, kaka yangu. Mimi nilikuwa wa mwisho. Katikati yetu kulikuwa na wawili waliokufa wadogo, hao niwaache walale. Nilipewa jina la mama yake baba, Ngoie, marehemu, kwa hiyo baba hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita "mama". "Mama, umekula?" "Mama, niletee maji." Na si mdomo tu. Kwetu mtoto aliyerithi jina anaweza kusema kwa kinywa cha mwenye jina. Nikisema kwa mchezo kwamba mvua itanyesha, baba aliingiza viti ndani, na jua linawaka. "Mama yangu amesema," ndivyo alivyowaambia watu, na hakucheka. Mama mzazi alipochoka na mambo hayo alisema, "Hii nyumba iko na ba mama wawili. Mumoja anapika, mwengine anasalimiwa."

Banza aliondoka nikiwa na miaka mitano. Alipanda treni ya mizigo kwenda kutafuta kazi upande wa Kamina, akaacha nyumbani shimizi yake ya Jumapili, shati jeupe lenye mistari ya kijani. "Treni ni chafu," alisema. "Nitaivaa siku ya kurudi." Ndilo neno lake la mwisho ninalolikumbuka, mengine yote watu walinisimulia.

Mvua ya kwanza ikapita, hakuna habari. Ya pili, kimya. Kabla ya mvua ya nne mwanamke mmoja aliyeuza samaki wakavu, anayesafiri kwenye hiyo reli, akamwambia mama kwamba kijana fulani alianguka katikati ya mabehewa, na watu wa kijiji wakamzika kando ya reli bila kujua jina lake. Alikuwa mrefu, na jino la mbele limevunjika. Banza alikuwa mrefu, na jino lake la mbele lilivunjika akicheza mpira.

Mama alilia siku tatu. Baba hakulia.

"Meno ya kuvunjika iko mingi," alisema. "Minye sifanyi kilio ya jino."

Akakataza matanga. Sijui kama ninyi mmewahi kuishi hivyo. Bila matanga watu hawaji kukaa nawe kwenye mkeka, hakuna anayekuletea bukari, ugali wetu, hakuna siku ya kunawa na kusema yamekwisha. Mama alibaki na kifo mikononi, hana pa kukiweka. Aliacha kuimba, akaanza kukonda. Na kila Jumamosi mchana baba alitia makaa kwenye pasi, akafungua sanduku, akapiga pasi shimizi ya Banza. Mwanaume mzima! Shimizi ambayo hakuna aliyeivaa wala kuikunjakunja. Alianza na kola, akaenda mikono, akamalizia mgongo, akaikunja, akafunga sanduku, na ufunguo akanivalisha shingoni. "Mama, chunga."

Mama alikaa nje wakati huo, ameupa mlango mgongo. Ile harufu ya pasi ya moto ilimfukuza atoke nyumbani mwake mwenyewe.

Sasa habari ya bulangeti. Wakati Banza bado yuko, mama alianza kumshonea bulangeti ya vipande, ya siku atakapooa. Alikata viraka vya mraba, akavishona mstari kwa mstari: magunia meupe ya unga, vikwembe vya zamani vya kujifunga, bluu ya kazini. Banza alipopotea, kazi ikaingia chini ya gunia la mahindi na kulala huko. Halafu ukafika mwezi wa sita, wakati wa baridi, na baridi ya Likasi ikiamua kuuma haiulizi umri. Padri akawaomba wanawake wa parokia mablanketi kwa ajili ya wazee wasio na mtu, wale waliokaa kwa masista ng'ambo ya reli. Mama Véro, aliyewaongoza wanawake, akasema hakuna kuanza kazi mpya, muda hautoshi. "Kila mama afukue ile aliacha njiani. Najua munazificha. Hata minye niko nazo tatu, na moja inazidi ndoa yangu umri."

Mama akaenda na ile ya Banza, nami nikamfuata. Ilikuwa Jumatano. Mama Véro aliishika pande mbili, akaivuta kupima ushonaji, na mstari mzima wa bluu ukakatika katikati, polepole, kama mkate uliolowa.

"Nguo ya asidi," Mama Véro akasema. "Mama Banza, ulishona na macho wazi?"

"Nilishona na ile nilikuwa nayo."

"Toa yote ya bluu, itakula zenzake. Angalia, vipande niko navyo." Akasukuma kikapo kilichojaa viraka mpaka kwenye miguu ya mama.

Mama akakiangalia kikapo. "Hapana, mama. Nitatafuta kwangu."

Mimi nilidhani ni kiburi. Nilimwonea haya njia nzima.

Na hapa lazima niwaambie jambo la mkasi, bila hilo hamtanielewa. Nyumbani kwetu nguo ya mtu aliye hai haikukatwa kwa mkasi. Ikichakaa ilipasuliwa kwa mkono. Mama aliuma pindo kwa meno, akavuta, frrr, na nguo za baba zote ziliisha hivyo. Mkasi ulikuwa wa kitambaa kipya, na wa nguo za marehemu. Kila mtoto alilijua hilo, kama anavyojua kutomruka mtu aliyelala. Na mimi sikuruhusiwa kuugusa mkasi kabisa. Ulining'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha mama, nami nikiuangalia kama watoto wengine walivyoangalia peremende.

Kesho yake, Alhamisi, baba akiwa kazini, mama aliniita ndani. Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

"Baba alisema nichunge."

"Umechunga. Lete."

Nikampa. Msinitafutie udhuru, nilikuwa na miaka tisa, na miaka tisa inajua. Alifungua sanduku, akaitandaza shimizi kwenye mkeka, mikono wazi, kama mtu amelala chali. Ilinukia makaa na sabuni. Mama alivunja uzi wa vifungo kwa meno, kimoja kimoja, akavitia kwenye kikombe. Halafu akautoa mkasi msumarini, akanipa mimi.

"Mikono yangu inatetemeka," alisema. "Kata weye."

Nitawaambia ukweli, maana hapa ndipo uongo ungenifaa zaidi. Nilifurahi. Ule uzito wa chuma kwenye vidole! Mama alipiga mistari kwa kipande cha mkaa, nami nikaufuata mstari, krr, krr, ulimi nje, bila kupinda hata mahali pamoja. Nilipofika kwenye kola mama akafumba macho. "Endelea, Ngoie." Aliniita kwa jina. Nikaona ni kwa sababu ninakata vizuri.

Alishona siku hiyo na asubuhi ya Ijumaa bila kuinua kichwa, na mchana bulangeti ikapelekwa kwa Mama Véro. Mama alirudi, akapika, akala. Mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilimwona akimaliza sahani.

Jumamosi baba akatia makaa kwenye pasi. Akapuliza mpaka yakawa mekundu. Akaja kwangu akachukua ufunguo, akafungua sanduku. Ndani kulikuwa na kikombe cha vifungo tu.

Alikiinua kikombe, akakitikisa kidogo, kama anayetaka kusikia ni vingapi.

"Iko wapi?"

"Ni bulangeti," mama akajibu kutoka mlangoni. "Inaenda kwa wazee. Banza alikufa, baba yake. Niache nilie mutoto wangu."

"Nani alikata?"

Mama akaingia ndani. Alinigeukia mimi, akangoja. Na mimi nilikuwa nimengoja siku mbili nisifiwe.

"Minye, baba. Minye njo nilikata, na mukasi. Haikupinda."

"Weye, mama?"

"Ndiyo. Minye."

Niliolewa, nikazaa, nikazika mume, ndipo nikaelewa. Siku moja nilikuwa nachambua viraka vya parokia, maana na mimi nimekuwa mwanamke wa kumalizia mablanketi ya wengine, na kikapo kikajaa mbele yangu, nikakumbuka kile cha Mama Véro. Vipande vilikuwapo. Mama hakukosa kitambaa. Hata mikono yake haikutetemeka, kwani alivishona viraka vya shimizi ile kwa mishono midogo kama punje za mchanga, niliiona kwa macho yangu. Angekata mwenyewe, baba angegomba naye, angesema mke wangu amekosea, na Jumamosi ijayo angepiga pasi hata vifungo. Mama alihitaji mtu ambaye baba hawezi kumbishia. Alihitaji mama yake baba, na alikuwa naye mmoja tu, mwenye miaka tisa, anayependa mkasi. Sikumchukia kwa hilo. Nimejaribu, nimeshindwa, alikuwa anazama, akashika kilichokuwa karibu. Lakini mimi ndimi niliyeshikwa.

Jumamosi ile baba aliketi juu ya sanduku. Pasi ilikuwa bado ya moto, nadhani hakujua kuiacha hivyo. Akaomba gauni langu la Jumapili. Akalipiga pasi, kola kwanza, mikono, mgongo, akanipa bila kuniangalia.

Jumapili baada ya misa wanawake walibeba mablanketi vichwani wakivuka reli, wakiimba. Baba akaja nyuma yetu. Hakuwa mtu wa mambo ya parokia, na watu waligeuka kumtazama. Kwa masista, wazee walikuwa wameketi juani, migongo ukutani. Ya Banza ikaenda kwa mzee mmoja kipofu, mwembamba, magoti yake yamejitokeza kama mafiga. Baba alichuchumaa mbele yake, akatafuta kwa kidole mpaka akafikia mistari ya kijani. Akavigusa viraka, kimoja baada ya kingine.

"Ni nani?" mzee akauliza.

"Mwenye bulangeti."

Mzee akaikamata kwa mikono miwili. "Umekuja kuitwaa, mwanangu?"

Mama alikuwa amesimama karibu yangu. Baba angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angemzuia, hata Mama Véro.

"Hapana, baba. Ulikuwa umeiweka kichwa chini." Akaigeuza, akaileta viraka vya kijani juu, penye kifua, akamchomekea pembeni pande zote mbili, kama unavyomfunika mtoto. "Hivi njo inatia moto, baridi haiingii."

"Inatia kweli," mzee akasema. "Ubarikiwe."

Baba akasimama, akapangusa magoti. Akafika nilipo, akashika kola ya gauni langu, akainyoosha ingawa ilikuwa imenyooka.

"Bakia muzuri, mama," akaniambia.

Nilijibu, "Enda muzuri, baba," kama mtoto aliyefundishwa adabu. Nilidhani anakwenda kununua tumbako. Alipita langoni, akafika kwenye reli, lakini hakuivuka kurudi upande wa Kikula. Akageuka na kuifuata, hatua zake zikikanyaga mbao za reli moja moja, upande wa Kamina, kule treni ya mizigo ilikompeleka Banza, mikono mifukoni, bila haraka, na vifungo vya shimizi vikilialia mfukoni mwake mpaka nikawa sivisikii tena.