Lenta Ilimsubiri Injinia

Wodi ya wazazi tuliyokuwa tunaijenga huku Meatu ilikwama kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na si kwa umaskini. Mawe yalikuwepo, saruji ilikuwa imefunikwa turubai, na vijana wa kijiji walikuja kila asubuhi na nsumba ntale wao, yule kiongozi wa kazi zao za pamoja. Injinia alikuwa ameagiza zege lisimwagwe mpaka azione nondo kwa macho yake, na macho yake yalikuwa Bariadi, kwenye semina ya kuharakisha miradi. Sitanii, semina ilikuwa ya hilo hilo.

Mimi ndiye nesi wa zahanati. Nilikuwa nazalisha kwenye stoo ya dawa yenye kitanda kimoja na mlango mwembamba. Mama wa pili akija, alilala chini kwenye mkeka. Nilikuwa na haraka.

Kamati ya ujenzi nayo ilikuwa na haraka, ila ya kijinga. Kila kikao waliongeza kitu ambacho hakikuwa kimepungua: matofali zaidi, mchanga zaidi, fundi mwingine. Matofali yakarundikwa mpaka yakaziba njia ya choo. Nikasimama nikasema, jamani, kilichokwama hapa ni mtu, si tofali. Tumtumie picha za nondo, amruhusu fundi mkuu amwage.

Mwenyekiti alinitazama kana kwamba nimetukana kanisani. "Nesi, mkubwa haharakishwi. Haraka haraka haina baraka."

Methali hiyo hupendwa sana na wanaume ambao wake zao wameshamaliza kuzaa. Picha nilituma mwenyewe. Injinia akajibu kwenye kundi la WhatsApp, vidole gumba viwili na neno "Hongereni". Nikauliza, je, tumwage? Kimya.

Nsumba ntale alinieleza wazi: "Nesi, mbula ikinyesha usitutafute huku. Tutakuwa mashambani."

Hakuwa anatishia. Usukumani mvua ya kwanza ikishuka, hata bwana harusi anashika jembe. Wanakamati walilijua hilo tangu utotoni, na bado wakaitisha kikao kingine.

Mvua ikashuka, na Injinia akaja nayo, viatu vinang'aa, akakuta kuta zinalowa na mafundi hawana wasaidizi.

"Watu wa huku hawana mwamko," alisema.

Kisha akaja kujikinga mvua kwenye mlango wa stoo yangu, simu sikioni, akimweleza mkubwa wake changamoto ya wananchi. Nilimdharau. Ndani kulikuwa na mama anasukuma. Nje bodaboda ilikuwa imemleta mwingine, ameloa chapachapa, ameshika kiuno.

"Injinia, pisha mlangoni."

Akaniinulia kidole, yaani ningoje amalize kuongea.

Nilimsukuma kwa bega mpaka matopeni, nikampitisha yule mama wa bodaboda. Alijifungulia mkekani, huku mwenzake akilia kitandani juu yake.