Anwani Zote Zinazoishia .org

Ukitaka kubisha, bisha, lakini haya yamenikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Nina steshenari hapa Lushoto mjini. Watu wengi wa huku juu hawana barua pepe. Wakiulizwa anwani wanaandika yangu, nami jibu likifika nawapigia simu. Mama Hadija wa Shume alifanya hivyo alipoomba wafadhili fulani wamtibu bintiye moyo.

Sasa, barua taka zilinizidi: umeshinda gari, umerithi mali, upuuzi mtupu! Nyingi zilitoka anwani zinazoishia .org. Nikachoka, nikaweka kanuni ya kuchuja, @.*\.org$, yaani chochote kinachotoka huko kifutwe kabisa. Nikajiona fundi. Kumbe na wale wafadhili anwani yao inaishia hivyohivyo. Sikuwaza hata kidogo.

Wiki kadhaa baadaye, ukungu umetanda, akaingia binti wa miaka kama tisa, kavaa sweta la shule.

"Shikamoo. Barua ya Hadija imefika?"

Nikamwambia bado. Kesho yake akarudi, nikamjibu vilevile. Siku ya tatu mvua ilikuwa inamwagika, lakini sweta lake kavu, niamini, na nywele kavu. Nikamuuliza kaja na nani.

"Imefika, baba. Umeifuta."

Akanyoosha kidole kwenye kompyuta. Nikafungua orodha ya zilizofutwa. Lahaula! Barua yenyewe haipo tena, kimebaki kichwa chake tu: jina la Hadija, na tarehe ya kulazwa ambayo ilishapita. Nilipogeuka, binti hayupo. Mlangoni kwenye tope hakuna hata unyayo.

Nikampigia mama yake.

"Hadija tumemzika siku tatu zilizopita," akasema. Nilipohesabu siku, ilikuwa siku moja kabla binti yule hajaingia dukani mara ya kwanza. Kisha akauliza, "Vipi, wale walijibu?"

Unajua nilisema nini? Nilisema hawakujibu.

Kanuni ile niliiondoa palepale. Lakini Mama Hadija akishuka sokoni hunipitishia karoti, ananishukuru kwa kumhangaikia mwanawe, nami nazipokea. Naona aibu.

Wewe unayechuja barua, usifute. Zitenge pembeni, uzisome kwa macho yako. Na ukikosea, sema siku ileile, maana mimi kila wiki najiambia leo nitamweleza, halafu namuuliza tu hali ya shamba.